Sufuria kwanza, jiko baadaye: umeme jikoni Singida

Anayetaka kununua jiko la indaksheni Singida mjini aanze kwa kutafuta sumaku. Si lazima iwe kubwa. Kipande kilichong'olewa kwenye spika ya redio mbovu kinatosha, na mafundi redio wengi hawakosi kimoja kwenye kopo lao la mabaki. Akifika nyumbani apange sufuria zake zote sakafuni, azigeuze vitako juu, aipitishe sumaku kwenye kila moja. Sufuria itakayoinasa kwa nguvu itapika. Itakayoiacha iteleze haitapata joto hata jiko likiwashwa kutwa nzima.

Katika nyumba nyingi za mkoa huu zoezi hilo litaleta habari mbaya. Sufuria tulizokua nazo, zile nyepesi zisizo na mikono, zinazouzwa zikiwa zimepachikwa moja ndani ya nyingine, ni za alminiamu, na alminiamu haishikani na sumaku. Chungu cha udongo cha kupikia mboga nacho hakimo. Kitakachopona ni kikaango cha chuma cha chapati, birika la enameli kama lipo, na pengine sufuria moja ya stili ambayo mama aliletewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam. Stili nayo inataka uangalifu. Kuna ambayo hung'aa vizuri kabisa dukani lakini sumaku haiigusi, kwa sababu chuma chake kimechanganywa na nikeli nyingi. Pima kitako, usipime ubavu, maana kazi yote inafanyika chini. Sufuria nzuri kwa jiko hili ina kitako kinene cha tabaka: stili inayonasa sumaku chini, alminiamu katikati ya kusambaza joto, na stili safi upande wa chakula.

Nasisitiza sufuria kwa sababu nimeyaona majiko haya yakiishia kuwa meza ya kuwekea chupa ya chai. Mtu katoa fedha yake, kafika nyumbani, kaweka sufuria ya alminiamu, jiko limelia mara tatu nne na kujizima. Akaamini ameuziwa bovu. Halikuwa bovu, lilikuwa linamwambia kwamba halioni chombo juu yake. Bajeti inayofaa ni ya jiko pamoja na vyombo viwili vyenye mifuniko: sufuria pana ya ugali na wali, na presha kuka ya stili. Kama fedha haitoshi vyote, ni afadhali kusubiri mwezi mwingine kuliko kwenda na jiko peke yake.

Chini ya kile kioo cheusi kuna waya wa shaba uliozungushwa mduara. Umeme wa TANESCO unaingia ndani ya nyumba ukiwa na mizunguko 50 kwa sekunde. Jiko linaupandisha hadi zaidi ya mizunguko 20,000 kwa sekunde, kisha linaupitisha kwenye waya huo. Hapo unatokea uga wa sumaku unaogeukageuka kwa kasi kubwa, na uga huo ukikutana na kitako cha chuma unaamsha mikondo ya umeme ndani ya chuma chenyewe. Chuma kinaikinza mikondo hiyo, na katika kukinzana huko ndimo joto linamopatikana. Alminiamu huipitisha mikondo kirahisi mno, ndiyo maana haipati moto. Kanuni yenyewe ni ya zamani: Michael Faraday aliionyesha London mwaka 1831, na kampuni ya Westinghouse ya Marekani ikaigeuza kuwa jiko la nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kwa mpishi, jambo la kushika ni kwamba kinachopata moto ni sufuria. Kioo hupata joto la kurudishiwa tu, na jiko likizimwa moto hukoma palepale. Kati ya kila sehemu 100 za umeme unaotumika, takriban 85 huingia kwenye chombo. Jiko la umeme la koili, lile la waya unaowaka mwekundu, hufikisha kama 70 hadi 75. Mafiga matatu ya kuni, yakiwa yanapulizwa na upepo, hufikisha 10 au 15. Joto lililobaki linapasha ukuta, moshi na macho ya anayepika.

Na upepo wa Singida kila anayepika hapa anaujua. Kuanzia Juni hadi Oktoba unavuma mchana kutwa, unapita juu ya Ziwa Singidani na kupenya kati ya yale majabali ya mjini, unakula mkaa wa watu nje ya nyumba na kuuyumbisha moto wa gesi dirisha likiwa wazi. Jiko lisilo na ndimi za moto halisumbuliwi na upepo huo. Vumbi lake, hata hivyo, linalisumbua. Jiko lina feni inayovuta hewa kupitia matundu ya chini au ya nyuma, na vumbi jekundu likijaa humo, mtambo unapata joto na kujizima katikati ya mapishi. Usiliweke jiko juu ya kitambaa cha meza au plastiki laini kinachoziba matundu hayo. Kila wiki lichomoe, ligeuze, lipige brashi kavu. Mende nao hupenda kuingia humo usiku kufuata uvuguvugu. Mengi ya majiko yanayofika kwa fundi yakiwa yamekufa ghafla ndani yake kuna mende aliyeungua kwenye saketi. Baada ya kupika acha feni imalize kuzunguka ndipo uchomoe.

Kwa nini tunazungumza haya sasa? Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Katikati ya mwezi huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ulioahidi dola bilioni 2.2. Mazungumzo mengi ya mkakati huo yameelekea kwenye gesi ya mtungi. Sina ugomvi na gesi. Lakini mtungi unaofika Itigi au Nduguti umesafiri kilomita mamia kutoka bandarini, na ukiisha jioni ya Jumapili kijijini, umeisha.

Umeme, kwa upande wake, unapita juu ya vichwa vyetu. Njia kuu ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita Dodoma na Singida, kilomita zipatazo 670, na kutoka Singida ndipo linapoanzia tawi linalokwenda Arusha na Namanga hadi Kenya. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na kazi ya kuiwasha yote ikakamilika 2025. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umefikisha nguzo katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kijijini kuunganishwa ni Sh 27,000. Nyumba iliyolipa fedha hiyo ikawasha taa tatu na redio, huku nyuma kukiwa na rundo la kuni, imechukua sehemu ndogo sana ya kile ilichonunua.

Rundo hilo linatoka mahali. Upande wa Itigi na Manyoni kuna vichaka vizito ambavyo wanabotania wanavijua duniani kote kwa jina la Itigi. Aina hiyo ya uoto iko hapa katikati ya Tanzania na kwenye eneo dogo la kaskazini mwa Zambia. Humo ndimo mkaa unamochomwa. Tanuri la udongo likichomwa kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za mti. Na huu ni mkoa mkavu, mvua yake ni ya msimu mmoja. Kichaka kikifyekwa hapa hakirudi upesi.

Sasa tuingie jikoni. Swali la kwanza Singida haliwi la umeme, huwa la ugali. Shangazi yangu wa Mandewa aliliangalia jiko jipya kwa muda, akagonga kioo kwa ukucha, akasema: "Mwanangu, ugali wa mtama unataka nguvu. Hiki kioo kitauhimili mwiko wangu?"

"Kitauhimili, shangazi, ila sufuria tuizuie isicheze."

Hapo ndipo penye kazi. Kwenye mafiga, sufuria hushikwa na mawe, na mpishi huibana kwa vijiti au kwa kishikio. Kwenye kioo laini haina cha kuishikilia. Ukikaza mwiko inazunguka, inateleza, na ikigonga ukingo wa jiko kioo kinaweza kupasuka. Dawa yake inatokana na namna jiko linavyofanya kazi. Kwa kuwa joto linazaliwa ndani ya chuma, unaweza kuweka kitu chembamba kati ya sufuria na kioo na mapishi yakaendelea. Shangazi alikunja kitambaa cha pamba mara moja, akakilowesha na kukikamua hadi kisidondoshe maji, akakitandika, akaweka sufuria juu. Haikucheza tena. Kitambaa hakikuungua, kwa sababu kitako cha sufuria yenye ugali hakizidi sana joto la maji yanayochemka. Ila kitambaa hicho ni cha chakula chenye maji tu. Ukianza kukaanga, kiondoe kabla ya kuwasha, maana kikaango kikavu huvuka nyuzi 200 na pamba itawaka.

Sufuria yenyewe iwe na mkono mmoja mrefu au masikio mawili unayoweza kuyashika kwa kitambaa kingine. Jiko likae juu ya meza fupi na imara, chini kidogo ya kiuno, ili mkono upate uzito wa bega; juu ya kaunta ndefu ugali wa mtama hausongeki. Chemsha maji kwa wati 2,000 ukiwa umefunika. Ukikoroga uji wa mwanzo, teremsha hadi kati ya 800 na 1,000. Ukiwa umekwisha kukaza, shusha hadi 300, funika dakika tatu, zima. Ukiacha moto mkubwa wakati wa kusonga, ukoko utakuwa mnene na mweusi kabla unga wa ndani haujaiva, kwani joto hili halitambai kwenye ubavu wa sufuria kama la kuni. Lote liko chini, kwenye duara lililochorwa kwenye kioo.

Ugali ule ulitoka sawa. Shangazi akaula kwa mlenda.

Mlenda nao una tabia yake hapa. Ule mkavu uliotwangwa, ukitiwa magadi, hufura ghafla na kufurika. Kwenye mkaa unakimbilia kuipua sufuria. Kwenye indaksheni unabonyeza kitufe mara moja na povu linashuka hapohapo. Kwa mboga za namna hii sijaona jiko linalolishinda. Ila ukifurika, futa mara tu kioo kikipoa. Mlenda uliokauka na magadi yake ni kazi kuutoa, na anayeukwangua kwa kisu au kwa mchanga anakichora kioo.

Mafuta ya alizeti ni habari nyingine, na hii ni ya Singida hasa. Mengi ya mafuta tunayonunua kwenye madumu kandokando ya barabara kuu yamekamuliwa na kuchujwa, hayakusafishwa kiwandani hadi mwisho. Ndiyo maana yana ladha na harufu tunayoipenda. Lakini mafuta ya alizeti yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi kama 107 tu, wakati yaliyosafishwa huvumilia hadi kwenye 225. Mkaa ulikuwa unatusamehe kwa sababu sufuria inapata moto polepole na mpishi ana muda wa kumaliza kukata vitunguu. Jiko la indaksheni kwenye wati 2,000 huchukua kikaango kitupu hadi nyuzi 200 ndani ya dakika moja au mbili. Mafuta yanatoa moshi, yanakuwa machungu, na watu wanasema umeme unaharibu mboga. Fanya hivi: kata kila kitu kwanza. Tia mafuta na vitunguu pamoja kwenye kikaango kikiwa baridi, ndipo uwashe, na usivuke wati 800 hadi vitunguu vilainike. Maji ya vitunguu yatalinda mafuta. Vitunguu vya Misuna vina maji ya kutosha kwa kazi hiyo. Kwa kukaangia maandazi au kuku, tumia mafuta yaliyosafishwa.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wa Singida wamelihisi miaka yote bila kuambiwa sababu yake. Mji huu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka kwenye joto la chini zaidi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa huchemka kwenye 95 hivi. Nyuzi 5 zinaonekana ndogo, lakini kwa maharage makavu, makande na kuku wa kienyeji aliyekwishatembea sana, zinarefusha mapishi kwa muda unaoonekana. Ukiongeza moto hupati kitu. Maji yakishafika 95 hayapandi tena. Yanakauka tu, na uniti zinakwenda na mvuke.

Hili ndilo lililonifanya niseme presha kuka iwemo kwenye bajeti ya kwanza. Mfuniko wake uliobana unazuia mvuke, msukumo unapanda, na maji yaliyomo ndani yanavuka nyuzi 110. Mwinuko wa Singida unakuwa umefutwa. Loweka maharage usiku kucha, yamwage maji ya kulowekea, tia mapya yasiyozidi nusu ya chombo. Washa wati 1,800 hadi kizibo kianze kupuliza, halafu shusha hadi 300 na uhesabu dakika 30 au 35. Zima, ondoka, rudi msukumo ukiwa umeshuka wenyewe. Usilazimishe mfuniko kufunguka. Kuku wa kienyeji mkubwa huiva kwa muda huohuo au pungufu, na mchuzi unabaki wote.

Hesabu ya umeme iko hivi. Kuchemsha lita 2 za maji ya bomba hadi yachemke kunahitaji takriban uniti 0.2. Ukiongeza kusonga, ugali wa watu watano unakula kama uniti 0.35. Nusu kilo ya maharage kwenye presha, kuanzia baridi hadi kuiva, ni kama nusu uniti. Maharage hayohayo kwenye sufuria ya kawaida, yakitokota saa mbili na nusu, yanakula uniti 1.5. Tofauti ni mara tatu, na jiko ni lilelile.

Majiko ya bei ya chini yana kasoro moja ambayo muuzaji hakuambii. Ukiyaweka chini ya wati 800 au 1,000, mengi hayapunguzi moto kwa kweli. Yanawasha moto mkubwa sekunde chache, yanazima sekunde chache, yanawasha tena. Kwa maharage haina shida. Kwa uji wa mtoto na maziwa ni tatizo, kwa sababu kila likiwaka chini panaungua. Kitako kinene cha tabaka kinapunguza tatizo hilo, na kijiko kisitoke kwenye sufuria. Kuhusu wali, kitu kimoja tunakipoteza kabisa: hakuna makaa ya kuweka juu ya mfuniko mwishoni. Wali utaiva vizuri, utachambuka, lakini ule uliokaukia juu kwa moto wa makaa haupatikani hapa. Mahindi ya kuchoma na nyama choma pia vitabaki na mkaa. Sioni sababu ya kulificha hilo.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, angalia nyaya za nyumba. Wati 2,000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9. Soketi ya ampea 13 iliyofungwa vizuri, yenye waya wa milimita za mraba 2.5 na waya wa eathi, inabeba mzigo huo bila wasiwasi. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haibebi. Inapata moto, inayeyuka, na nyumba nyingi zimeungua kwa namna hiyo. Aliyeunganishwa kwa kile kifaa cha UMETA, kinachofungwa kwenye nyumba zisizo na mtandao wa nyaya, amuite fundi akague soketi kwanza. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani akae mbali na jiko linapowaka, walau sentimita 60, na azungumze na daktari wake. Kadi za benki zisikae juu ya kioo.

Vijijini, mwishoni mwa laini, kuna tatizo la saa 1 hadi saa 3 usiku, pale kila nyumba inapowasha taa na televisheni na balbu zinafifia. Volti zikishuka sana jiko linapunguza nguvu au linajizima. Stebilaiza ya kubeba wati 2,000 ni ghali kuliko jiko lenyewe. Njia ya busara ni kubadili ratiba: maharage, makande na nyama vipikwe mchana au alasiri, vihifadhiwe kwenye hotpoti, na usiku jiko libaki la ugali tu. Na mtungi mdogo wa gesi au jiko banifu libaki pembeni kwa siku umeme unapokatika. Familia haiwezi kulala njaa kwa sababu ya nguzo iliyoanguka Ikungi.

Linabaki suala la LUKU, umeme wa kulipia kabla, na hapa nina lalamiko la wazi. Bei ya TANESCO kwa mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, ni Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha, kila uniti ya ziada ni Sh 350. Ukiongeza asilimia 18 ya VAT, 3 za REA na 1 ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, uniti ya kwanza inakuwa Sh 122 na ile ya ziada Sh 427. Anayezidisha kwa mazoea huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti tangu ya kwanza ni Sh 292 kabla ya tozo, yaani kama Sh 356.

Tuchukue nyumba yenye taa, televisheni na friji ndogo, inayotumia uniti 60. Inalipa Sh 7,320 kwa mwezi, ukiacha kodi ya jengo. Ikatii wito wa Serikali, ikaanza kupikia umeme, ikaongeza uniti 45. Jumla ni 105. Ikihamishiwa T1 itakuwa inalipa Sh 37,380. Zile uniti 45 za kupikia zimeigharimu nyongeza ya Sh 30,060, ambayo ni Sh 668 kwa kila uniti. Mwenye nyumba hatajua hesabu hii, ila ataona LUKU inaisha upesi, atalirudisha jiko kwenye boksi na kwenda kununua sado ya mkaa.

Jirani zetu wameliona hili. Uganda, kuanzia Januari 2022, mamlaka ya udhibiti wa umeme iliweka bei ya kupikia: uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi zikawa Sh 412 za Uganda, wakati zile za kabla yake, kuanzia ya 16 hadi ya 80, zilikuwa karibu Sh 747. Huko ukipika unashuka bei. Kwetu ukipika unapanda. Ecuador mwaka 2014 ilianzisha mpango wa majiko ya indaksheni kwa kaya milioni 3 na kuwapa wenye majiko hayo uniti 80 bure kila mwezi. Lengo la milioni 3 halikufikiwa, lakini angalau walielewa kwamba huwezi kumpa mtu jiko kisha umtoze kwa kulitumia. EWURA inaweza kupandisha mpaka wa D1 kutoka 75 hadi 120 kwa mwenye jiko la umeme lililosajiliwa kwenye mita yake. Mita za LUKU zinajua kila uniti inayopita. Kazi hiyo haihitaji nguzo mpya hata moja.

Mpaka hilo lifanyike, nyumba isiyo na friji ina nafasi, na ni finyu. Taa, televisheni na simu zikitumia uniti 30, zinabaki 45 za jikoni, sawa na uniti 1.5 kwa siku. Chai ya asubuhi 0.2, ugali wa mchana na wa jioni 0.7, mboga 0.2, na maharage ya presha siku moja baada ya nyingine, wastani wa 0.25. Jumla ni 1.35, na mwezi unaisha ukiwa bado ndani ya 75. Maharage hayohayo yakitokota kwenye sufuria ya kawaida, siku inafika uniti 1.85 na mpaka umevukwa kabla ya tarehe 28.